Mkono wa Mshiriki wa Saba

Kwanza tuelewane: mwanamke huyu alikuwa daktari, lakini si wa kukuandikia dawa. Majirani zake walichukua mwaka mzima kulielewa hilo. Mama wa ghorofa ya chini alimpandishia mtoto mwenye kikohozi. Bwana wa mlango wa pili alimvulia shati ngazini amwonyeshe jipu, hata salamu hakutoa. Kila mmoja alipewa jibu lile lile: "Mimi ni daktari wa kusoma tu, jamani. Naifundisha kompyuta kutambua watu wanavyotembea." Mwenye jipu alivaa shati lake taratibu, akamwambia pole, kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Baada ya hapo hakuna aliyemgongea tena mlango, naye akajiambia kuwa ni afadhali, kazi ni nyingi.

Chuoni wanafunzi walimwita Mama Mifupa, kwa siri ambayo yeye aliijua tangu wiki ya kwanza. Jina lilimfaa. Kamera yake haikuhifadhi sura ya mtu. Ilimchukua mtu mzima na nguo zake na makunyanzi yake, ikamgeuza nukta kumi na saba zilizoungwa kwa mistari: kichwa, mabega, viwiko, viganja, nyonga, magoti, miguu. Unachokiona kwenye skrini ni mifupa inayotembea, na mifupa haina jina wala haya, ndiyo maana wazee walikubali kurekodiwa. Kwa mifupa hiyo kompyuta ilijifunza kumtofautisha anayeketi na anayeanguka, anayeinama kuokota kitu na anayezimia. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini wahenga hawakuona takwimu za wazee wanaovunjika nyonga kati ya kitanda na choo, na wote walikuwa wakienda pole.

Sifa yake yote ilitokana na mkono mmoja. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliwaita maabara wazee ishirini na watatu, mmoja mmoja, akawarekodi wakiinuka kitini na kupita juu ya ubao uliotikisika kidogo chini ya miguu yao. Ubao ulipotikisika, kabla mwili haujayumba, mkono wa kushoto wa mzee ulinyooka. Si mmoja, si wawili, karibu wote. Wakati huo kifaa chake cha kwanza kilikuwa kikipiga kelele kila bibi akiinama kufunga kamba ya kiatu, na watu walishakichukia. Basi akaufanya ule mkono kuwa mlango. Mkono ukinyooka kisha mwili ukayumba, kifaa kinampigia ndugu simu. Mkono usiponyooka, kifaa kinakaa kimya. Kelele zikaisha, makala ikachapishwa, ikanukuliwa na watu wa nchi ambazo yeye hajui hata salamu zake. Na kwa nini mkono wa kushoto, hata kwa mtu anayetumia wa kulia? Hilo nalo alilieleza, kurasa tatu nzima kuhusu ubongo, zenye michoro. Msomi akikosa jibu hakosi kurasa.

Kwa mkono huo alipata uhadhiri, kisha uhadhiri mwandamizi, kisha maabara yenye kiyoyozi, kisha makubaliano na hospitali. Vifaa arobaini vilikuwa tayari vimetundikwa kwenye kuta za wazee, na vingine mia nne vilikuwa kwenye maboksi vikisubiri zamu yao. Bado wiki mbili atoe mhadhara wake wa kupokea uprofesa. Kadi za mwaliko zilikwisha kuchapishwa, na mkuu wa kitivo alikuwa ameshanunua tai.

Kifaa kimoja alikitundika nyumbani kwake, juu ya rafu ya vitabu, kwa ajili ya majaribio. Fomu ya kukiwasha ilidai namba ya ndugu wa karibu na haikukubali kurukwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza isikubali. Akashika simu akawaza. Kaka yake alikuwa ng'ambo, kule ambako huku kukiwa mchana wao wamelala, na walikuwa wakizungumza siku za sikukuu tu. Namba ya mama ilikuwa bado ipo, ya kwanza kwenye orodha, ingawa mama alikuwa na mwaka wa nane kaburini. Mtu mwingine ambaye angeweza kumwandika bila kumtolea maelezo kwanza, hakumpata. Akaandika namba yake mwenyewe, sawa na mtu anayejiandikia kadi ya mwaliko, akabonyeza "endelea". Mganga hajigangi, lakini huyu alijaribu.

Hata sauti ya kwenye simu ilikuwa yake. Mtangazaji waliyepatana naye hakutokea siku ya kurekodi, basi Mama Mifupa akaingia ndani ya kabati lake la nguo, akafunga mlango ili kusiwe na mwangwi, akasema kati ya magauni yake: "Habari. Ndugu yako wa karibu anahitaji msaada. Kama uko njiani, bonyeza moja." Alirudia mara tisa mpaka sauti ikatulia, kisha akarekodi na jibu la kumpa atakayebonyeza.

Simu iliyoharibu mambo ilikuja Jumanne asubuhi. Aliyepiga alikuwa sista, muuguzi wa huduma za majumbani, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyezunguka mtaa kwa mtaa na mkoba wake wa vipimo.

"Daktari, kidude chako kimenitia aibu," alisema.

"Kimefanya nini?"

"Ungeniuliza hakijafanya nini. Yule mzee fundi saa alianguka jana saa tatu asubuhi. Mimi zamu yangu kwake ni saa kumi jioni. Nimemkuta sakafuni, midomo imekauka, anaongea peke yake. Na taa ya kijani inawaka, Daktari. Imewaka siku nzima."

"Labda hakuwa mbele ya kamera."

"Alikuwa amelala chini yake kabisa, kama zulia."

Daktari alikwenda siku hiyo hiyo pamoja na sista. Fundi saa alikaa chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Meza yake ilikuwa dirishani, na juu yake bisibisi nyembamba kama sindano zilipangwa kwa ukubwa, na kikuza cha jicho kimoja kimelazwa juu ya kitambaa. Ukutani kulikuwa na saa saba, kila moja ikisema wakati wake. Mzee alikuwa kitandani, kiwiko kimefungwa bandeji, nyonga nzima kwa rehema za Mungu.

"Ndiye wewe mwenye kile kidude?" aliuliza.

"Ndiye mimi, babu. Pole sana."

"Nilikiita. Nikakiambia, wewe, niko chini huku. Kikanitazama tu."

"Kinaona, babu. Hakisikii."

"Basi kitie masikio, mwanangu. Macho peke yake hata paka anayo."

Akacheka, akakohoa, sista akampa maji. Daktari alifungua kompyuta yake magotini. Kifaa kilikuwa kimerekodi kila kitu. Nukta kumi na saba ziliinuka kutoka kwenye kiti cha meza, zikasimama, magoti yakalegea, zikashuka chini zote pamoja. Mikono ilibaki ubavuni mwanzo mpaka mwisho. Aliitazama mara nne.

"Babu, ulipohisi unakwenda chini, mkono hukuunyoosha? Watu wengi huunyoosha, huu wa kushoto."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Ninyooshe mkono nimpe nani?" alisema. "Mke wangu alipokuwepo, nilikuwa nanyoosha. Sasa humu ndani tuko mimi na huyo wa ukutani."

Daktari akacheka kwa adabu, akaaga. Alipofika katikati ya ngazi kicheko kikamwishia, akasimama na mkono kwenye reli. Sista alikuwa nyuma yake.

"Kuna jambo nilitaka kukwambia zamani," alisema sista, mara hii kwa sauti ya chini. "Nikaona mimi ni nani, wewe ndiye uliyesoma. Kwenye nyumba zenye watu, kidude chako kinalia ovyo. Bibi anataka kuinuliwa, anamnyooshea mjukuu mkono, kinalia. Tumeshazoea. Lakini kwa wanaokaa peke yao, tangu mlipovitundika, sijakisikia hata kimoja."

"Hata kimoja?"

"Nilidhani ni kwa sababu hawaanguki."

Sasa hapo mtu mwenye akili zake za kawaida angekuwa ameshaelewa. Lakini mtu aliyekaa na jambo miaka kumi na mmoja haelewi haraka, kwa sababu kuelewa kunamgharimu. Alirudi chuoni akitafuta sababu nyingine njia nzima: pembe ya kamera, mwanga wa dirishani, nguo pana za mzee. Moyo ulikuwa ukimdunda, na alijua kwamba moyo haudundi hivyo kwa ajili ya pembe ya kamera.

Alimtafuta Golikipa. Huyu alikuwa msaidizi wa maabara zamani zile, bwana mnene mwenye mikono mipana, ambaye kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama karibu na mzee anayerekodiwa ili akianguka amdake. Hakumwangusha hata mmoja, ndiyo maana wakampa jina hilo. Siku hizi alikuwa stoo, akigawa chaki na karatasi.

"Golikipa, wakati ule wa ubao ulikuwa unasimama upande gani?"

"Kushoto kwao," alijibu bila kufikiri. "Kulia kulikuwa na soketi na ule waya mnene. Ningekuwa kulia, wa kwanza kuanguka ningekuwa mimi."

"Kila siku kushoto?"

"Kila siku. Si ulinichorea mstari wa chaki? Ukasema nikiuvuka naonekana kwenye kamera."

"Na wazee, walikuwa wakikushika?"

"Walikuwa wakitaka. Ubao ukitikisika tu, mkono huo kwangu. Mimi narudi nyuma hatua moja. Wewe ndiye uliyesema tusiwaguse mpaka waanguke kweli." Golikipa aliacha kuhesabu maboksi. "Kwani kuna nini, Daktari? Mbona rangi imekutoka?"

Kumbe mambo yalikuwa hivi: kurasa tatu za ubongo zilikuwa soketi ya umeme. Wazee wale walinyoosha mkono wa kushoto kwa sababu kushoto kulikuwa na mtu. Haikuwa dalili ya kuanguka. Walikuwa wakiomba washikwe. Na kompyuta, ambayo haikumwona Golikipa kwa sababu ya mstari wa chaki, ilijifunza kwamba anayeanguka ni yule mwenye mtu pembeni. Yule asiye na mtu haikumjua kabisa, na ilitengenezwa kumlinda yeye.

Hata hivyo alitaka kuona kwa macho yake. Alijifungia maabara saa nane mchana, akafungua rekodi za zamani. Zile zilizoingia kwenye makala alikuwa amezikata, kila moja ikiishia pale mwili unapoyumba, kwa sababu kilichofuata hakikuwa na maana kwa utafiti. Sasa akafungua nzima nzima. Mkono wa mtu anayejikinga hurudi mara mwili ukitulia. Mikono hii haikurudi. Ubao ulitulia, miguu ikatulia, na mkono ukabaki hewani, unangoja. Kisha ukashuka polepole. Mzee wa kwanza, wa pili, wa tatu, mifupa mitupu, kila mmoja akingoja upande wa kushoto wa skrini pasipo na kitu.

Alipofika kwa mshiriki wa saba hakuhitaji kusoma fomu. Nyonga ya kulia ilipanda kidogo kila hatua, kwa ile miaka thelathini ya kusimama kwenye pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Nukta kumi na saba, bila sura wala leso wala harufu ya sabuni, na alikuwa mama yake kabisa.

Mwaka ule wazee hawakuwa wakitosha. Mmoja alijitoa, tarehe ya mwisho imekaribia, na mama alikuwa amekuja kumtembelea na kikapu chake. "Nitumie mimi," alisema, "kutembea si najua?" Akasaini fomu kwa herufi kubwa kubwa, akauliza kama avue viatu. Siku hiyo Golikipa alikuwa amekwenda kung'oa jino. Aliyesimama kwenye mstari wa chaki, kushoto, alikuwa yeye, mwanawe wa kumzaa.

Kwenye skrini ubao ulitikisika. Mkono wa mama ukanyooka, ukabaki hewani. Sekunde sita. Kwa saa ni kitu kidogo, lakini jaribu kumnyooshea mtu mkono kwa sekunde sita asiupokee. Rekodi haikuwa na sauti, lakini yeye alikuwepo, na maneno yakamrudia yote kama yalivyosemwa.

"Mama, usinishike. Utaniharibia kipimo."

"Haya, mwanangu. Nisije nikakuharibia."

Mkono ukashuka. Rekodi ikaisha.

Fomu ilisema kila mzee alirekodiwa mara sita. Za mama, kwenye makala, ilikuwa hiyo moja tu. Tano zilikuwa wapi? Alizitafuta mpaka akazikuta kwenye faili aliloliita "Zisizofaa", na pembeni maelezo kwa mkono wake mwenyewe: Mshiriki anabana mikono ubavuni. Hafuati mwenendo wa kawaida. Zitupwe.

Akazifungua. Katika zote tano ubao ulitikisika, na mama, aliyekuwa ameshaambiwa asimshike mtu, aliibana mikono kwenye mapaja, magoti yakalegea, mwili ukashuka wote kwa pamoja. Mara mbili aliponea chupuchupu. Alishuka vile vile alivyoshuka fundi saa. Kila alichokuwa akikihitaji kuijua hali ya mtu aliye peke yake, mama alimpa siku ya kwanza, mara tano, naye akakitupa kwa sababu hakikufanana na wenye watu.

Alilia. Hakulia kiprofesa, alilia kwa kwikwi, kamasi mpaka kwenye kibodi, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa hakuna aliyemwambia nyamaza.

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa kitivo. Alimweleza yote tangu soketi mpaka fundi saa. Mkuu alikuwa mtu wa busara, maana yake alikuwa mwoga aliyesoma. Alisikiliza akizungusha kalamu.

"Dada yangu, makosa ni ya binadamu," alisema. "Tutoe mhadhara kwanza, watu wamealikwa. Halafu kwenye toleo lijalo unaongeza marekebisho. Kimya kimya."

"Na vile mia nne?"

"Si vinatundikwa mwezi ujao? Mwezi una siku nyingi."

"Na arobaini vilivyo ukutani sasa hivi?"

"Wazee hao walikuwa peke yao hata kabla yetu." Akainamia meza. "Sikiliza. Ukisimama mbele ya watu ukasema msingi wote ni kosa, kamati itarudisha jalada lako. Wenzako waliojenga juu ya makala yako watakuchukia. Una miaka mingapi? Hamsini na tatu? Hutapata mwanzo mwingine."

Na hapo mkuu alikuwa anasema kweli, ndiyo ilikuwa shida yake. Kwa siku tisa Mama Mifupa alitembea na jambo hilo kama mtu aliyemeza mfupa. Angefanya nini bila cheo? Hakuwa na mume wa kumwambia potelea mbali. Hakuwa na watoto wa kumpa kazi nyingine. Alichokuwa nacho ni jina lake kwenye makala moja, na wanafunzi waliomwita Mama Mifupa asiposikia. Ukimnyang'anya mwenye nyumba kumi nyumba moja atanung'unika. Huyu alikuwa na moja.

Siku ya kumi alikwenda tena kwa fundi saa, bila sababu yoyote. Mzee alikuwa ameketi dirishani na kikuza jichoni, anatengeneza saa ya mtu. Kifaa ukutani alikuwa amekifunika kofia yake kuukuu.

"Nimekivalisha," alisema. "Kama hakinisaidii, basi kisinitazame nikivaa."

Alirudi nyumbani, akaufuta mhadhara wote, akauandika upya.

Ukumbi ulijaa siku hiyo. Mkuu wa kitivo alikuwa mbele na tai yake mpya. Golikipa aliketi safu ya nyuma, amevaa koti lililombana. Mama Mifupa hakuanza kwa kushukuru mtu. Alizima taa, akawaonyesha mifupa ya mshiriki wa saba, mkono umenyooka, na akawaacha waitazame kwa sekunde sita zote. Kisha akawasha taa.

"Miaka kumi na mmoja nimewaambia kwamba mtu huyu anakaribia kuanguka," alisema. "Sivyo. Anaomba ashikwe mkono. Aliyekuwa pembeni yake alikataa, ni mimi. Huyu ni mama yangu. Kifaa nilichojenga juu ya mkono huu kinamwita ndugu kwa mtu ambaye ndugu yuko naye chumbani, na aliye peke yake kinamwacha sakafuni. Naomba vyote vizimwe leo."

Halafu akaonyesha zile tano zilizotupwa, na kwa nusu saa akaeleza kilichokosewa na jinsi ya kukirekebisha, kwa utaratibu, kama mwalimu. Sauti ilimkatika mara moja tu, aliposoma neno "zitupwe". Alipomaliza, watu wachache walipiga makofi, wengine wakatazama kadi zao. Mkuu alitoka kabla ya vinywaji. Golikipa alikuja mbele, akampa mkono wake mpana, akasema, "Nami ningeweza kukwambia zamani, lakini hukuniuliza."

Barua ya kamati ilikuja baada ya siku tatu. Cheo kilikuwa kimeahirishwa, na tarehe mpya haikuandikwa. Hospitali ilisitisha makubaliano, maboksi mia nne yakabaki stoo. Sista alituma ujumbe mfupi: Nimevizima vyote arobaini. Fundi saa anakusalimia. Tumerudi kwa miguu kama zamani.

Jumamosi yake, saa kumi jioni, alikuwa peke yake nyumbani. Jua lilikuwa limefika kwenye kiti cha mbao karibu na rafu ya vitabu, kiti alichokuwa akipenda kukalia mama alipokuja. Alikiketia. Sijui alitaka nini hasa, na nadhani hata yeye hakujua. Labda alitaka kujua sekunde sita ni ndefu kiasi gani kwa aliye upande wa pili.

Aliinuka polepole kama mama, nyonga ya kulia kwanza. Akanyoosha mkono wa kushoto. Mbele ya mkono kulikuwa na ukuta, na mbele ya ukuta hakukuwa na kitu. Akahesabu: moja, mbili, tatu. Ilipofika nne machozi yalikuwa yameshamjaa, ya tano miguu ikamlegea, akayumba, akashika mgongo wa kiti.

Mfukoni simu ikalia.

Alishtuka. Siku hizi simu haikuwa ikilia. Akaitoa akiwaza kaka, akiwaza sista, akaiweka sikioni haraka asije akakatiwa.

"Habari," ilisema sauti ya mwanamke, tulivu, ya karibu sana. "Ndugu yako wa karibu anahitaji msaada. Kama uko njiani, bonyeza moja."

Juu ya rafu taa ya kijani ilikuwa imegeuka nyekundu. Katika vyote arobaini na kimoja, hiki ndicho alichokisahau kuzima. Alisimama pale na simu sikioni, mkono mwingine kwenye kiti. Sauti ikarudia. Alikuwa ameipanga irudie mara tatu, kwa ndugu wasiosikia vizuri. Ya tatu ilipoanza, akaitoa simu sikioni, akapangusa kioo kwa kanga, akabonyeza moja.

"Asante," sauti yake ikamwambia. "Ukifika, mshike mkono. Usimwache peke yake."